Nani Aliyekupa Kikombe Hiki?

Mama yake Gundi alikuja kunitazama siku ya Jumapili, saa nane mchana, akiwa na binti yake mkubwa na mkoba mweusi ambao hakuuweka chini hata mara moja mpaka alipoondoka.

"Kunitazama" ndilo neno alilolitumia Gundi mwenyewe. "Mama anataka kuja kukutazama," aliniambia katikati ya wiki, amesimama mlangoni mwa duka la miwani ninakofanya kazi, anatafuna kucha. Mimi ndiye mpima macho wa duka lile. Wateja wote huniita Bi Miwani. Nikamtania, "Mwambie aje. Na mimi nitamtazama." Hakucheka. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini aliyependa kapenda.

Gundi nalo si jina lake. Wenzake ndio waliombandika, kwa sababu anajalidi vitabu vilivyochakaa kwenye chumba cha chini cha maktaba, na vidole vyake vina gundi kavu toka Jumatatu hadi Jumapili. Tulijuana alipoleta miwani yake iliyokatika hapa puani, ameiunga mwenyewe kwa gundi ya vitabu. Nikamwambia, "Kaka, hii si kamusi." Akanikodolea macho yale ya watu wasioona mbali, yenye haya, akasema, "Ingekuwa kamusi, dada, ningekuwa nimeshalipata neno la kukuambia." Akaona aibu kwa alichokisema mpaka masikio yakamwiva. Nilicheka sana. Nilikuwa na miaka minne sijacheka vile.

Kikombe alinipa siku yangu ya kuzaliwa, mwezi wa sita wa mapenzi yetu. Alikuwa ameletewa kitabu kikuukuu kilichong'oka mgongo, na ndani akakuta picha ya kale, ile ya kuchongwa kwa mistari myembamba kama nywele. Bibi kizee mwenye kofia ndefu iliyochongoka, kapanda ufagio, paka kamkalia begani, na chini yake mji mdogo umelala. Ndivyo walivyowachora wachawi watu wa mbali wa zamani hizo. Akaipiga picha, akaipeleka studio, wakaichapa kwenye kikombe cheupe. Akakifunga kwa karatasi za kujalidia zilizobaki, tabaka tano, nikazimenya kama kitunguu.

"Mbona mchawi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu silali," alisema, na uso wake ulikuwa mkunjufu kama wa mtoto. "Nilikwenda kupimwa macho tu, nikarudi nimerogwa. Na mtazame vizuri. Jinsi anavyokukazia jicho pembeni! Ni wewe kabisa unapompima mtu."

Nilikiweka kikombe mezani kabla hakijaniponyoka.

Siku ile ndipo nilipomweleza. Kwamba marehemu mume wangu aliumwa siku tatu, homa ya Jumatatu, na Alhamisi tukamzika. Kwamba kabla hata udongo haujakauka, wifi yangu alisimama mbele ya waombolezaji wote, akaninyooshea kidole na kulitamka neno hilo. Kwamba nilitoka kwenye nyumba niliyoijenga na marehemu nikiwa na sanduku moja, na jirani niliyezoea kukopeshana naye chumvi alifunga dirisha nilipopita.

Gundi alipauka. "Nipe," alisema. "Nipe nikakivunje sasa hivi. Mungu wangu, sikujua. Wallahi sikujua."

"Kiache."

"Hapana, nipe."

"Kiache, Gundi. Nitalinywea chai neno hili kila asubuhi mpaka liishe makali."

Alinishika mikono yote miwili. Vidole vyake vilikwaruza kwa ile gundi. "Nisikilize," alisema. "Mtu akithubutu kukuita hivyo tena mbele yangu, atanitambua mimi ni nani."

Nikamwamini. Nilikinywea chai kikombe kile miezi minane, na ni kweli, neno lilianza kuisha makali. Asubuhi nyingine nilikuwa namsalimia yule bibi kizee, "Umeamkaje, shoga?" kisha najicheka peke yangu jikoni.

Basi, Jumapili ile. Nilikuwa nimepiga deki mara mbili, nimebadilisha pazia, nimevaa gauni la kijani ambalo Gundi hulipenda. Walipoingia, nilipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alipapasa kiti kwa mkono kabla ya kukaa. Nikajua mara moja kwamba haoni vizuri. Mazoea ya kazi. Mtoto wa jicho, nikawaza, au kisukari. Dada mtu alikaa wima pembeni yake, anahesabu vyombo kabatini kwa macho. Gundi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Unaishi peke yako?" mama akauliza.

"Peke yangu, mama."

"Miaka mingapi sasa?"

"Wa sita huu."

"Na mtoto hukujaliwa."

"Sikujaliwa, mama."

"Na mwanangu umemzidi miaka."

"Mitatu tu, mama," Gundi akaingilia.

"Nimekuuliza wewe?" Hakumgeukia hata. "Mtoto wa kiume anaongea mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na nyumbani kwangu alikuwa bubu."

Nikacheka kidogo, nikidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nikainuka kwenda kuandaa chai, na dada mtu akainuka pia. "Nikusaidie, wifi," alisema, na neno lile lilinipoza moyo. Wifi! Nilimpa sinia, nikageuka kumimina maziwa kwenye jagi, nikamwachia yeye vikombe. Kwa furaha nikasahau nilichokiacha kwenye kichanja cha kukaushia vyombo.

Niliporudi sebuleni na birika, sinia lilikuwa mezani. Vikombe vitatu vyeupe, na cha nne ndicho kile, dada mtu amekigeuza picha ikimtazama mama yake.

"Nini hiki?" mama aliuliza. Alikiinua, akakisogeza mpaka kikakaribia kugusa pua. "Nani huyu aliyechorwa hapa?"

"Mchawi, mama," alisema dada mtu taratibu. "Kofia yake hiyo. Ufagio wake huo. Na paka."

Nilisikia maji yakidondoka bombani jikoni, tone moja moja.

"Tumeulizia habari zako," mama akaniambia. Sauti yake haikupanda. "Mzazi lazima aulizie. Tumesikia mume wako aliondokaje. Nikasema, watu wana maneno, ngoja nikamwone mwenyewe. Nimekuja kwa moyo mweupe. Na wewe unanitengea hiki?"

"Mama, hicho ni zawadi tu. Ni picha ya zamani, ya kitabuni."

"Zawadi. Mtu mzima anapewa zawadi ya mchawi, na anaitunza, na anainywea." Alikirudisha mezani. "Nani aliyekupa kikombe hiki?"

Nilimtazama Gundi. Sikumtazama kwa kumlaumu, nilimtazama kwa kumngoja. Hata nilitabasamu, nikiwaza: sasa atacheka, atasema ni mimi, mama, ni utani wa wapendanao, na atalisema na lile jingine, kwamba asiniite hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kumhurumia mama kwa aibu itakayompata.

Gundi alikuwa anatazama zulia.

"Alinipa mtu anayenipenda," nikasema.

"Mtu huyo hana jina?"

Mama akamgeukia mwanawe. "Wewe. Unakijua kikombe hiki?"

Alibandua gundi kwenye kidole gumba. Aliibandua pole pole, utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu.

"Hapana, mama," alisema. "Leo ndiyo nakiona."

Watu huniuliza kwa nini sikusema pale pale. Ningesemaje? Mama akisikia maneno mawili, la mwanawe na la mjane mgeni, atachukua lipi? Lakini sikunyamaza kwa sababu hiyo. Nilinyamaza kwa sababu ulimi ulikuwa mzito, kama siku ile ya matanga. Nikainua birika nikamimina chai. Vikombe vitatu. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo nadhani lilizidi kuwatisha.

"Sisi hatunywi," mama alisema, akainuka na mkoba wake.

Gundi aliwasindikiza. Alirudi baada ya karibu saa nzima, na akagonga mlango. Miezi yote ile hakuwahi kugonga.

"Mama ana presha," ndilo neno lake la kwanza.

"Karibu ukae."

"Angeanguka palepale. Hujamjua mama yangu. Ningesema ni mimi, angesema umeshanishika akili, mpaka nakununulia mambo ya kichawi. Ningekuharibia zaidi. Nilifanya vile kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu."

"Usirudie maneno yangu kwa sauti hiyo." Alikaa, akasimama tena. "Sikiliza, mpenzi. Nimewaza njiani. Tuache hasira zipoe, wiki mbili hivi. Halafu twende wote, umwombe radhi. Useme ulikiona dukani ukakinunua, hukujua maana yake. Atakubali. Mama ana moyo laini ukimnyenyekea."

"Mimi nikaombe radhi."

"Ni maneno tu! Maneno hayavunji mfupa."

"Maneno ndiyo yaliyonitoa kwangu na sanduku moja, Gundi."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati. Bila miwani uso wake huwa uchi, wa kuhurumiwa, na mwili wangu mpumbavu ulitaka kwenda kumkumbatia. Nilishika ukingo wa meza.

"Niambie kitu kimoja," nikasema. "Kimoja tu, na usiniongopee. Mama yako aliponiambia wamesikia mume wangu aliondokaje, wewe uliwaza nini?"

"Sikuwaza chochote."

"Gundi."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa mama?"

Laiti angenidanganya pale. Uongo mmoja alikuwa ameshausema, wa pili ungemshinda nini?

"Alikuwa mzima," alisema, macho chini. "Ulinisimulia mwenyewe. Mzima kabisa, na siku tatu tu. Ilinipitia kichwani... mara moja. Mara moja tu, ikapita! Ni ubinadamu. Mtu akisikia kitu mara nyingi..."

"Ikapita."

"Ndiyo, ikapita, naapa."

"Ikapita ikaenda wapi?"

Nikaenda mezani, nikachukua kikombe. Nilikiosha ingawa kilikuwa kisafi, nikakifuta, nikamwekea mikononi.

"Nenda nacho kwenu. Kiweke mezani kwa mama yako. Mwambie, mama, kikombe hiki nilikinunua mimi, kwa mwanamke ninayemtaka. Ukishasema, rudi. Hata kama atakufukuza, rudi, tutaishi humu humu. Mlango sitaufunga."

"Unanipa mtihani?"

"Nakupa nafasi."

Alitoka nacho. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza viatu vyake kwenye ngazi, nikizihesabu. Ngazi ya sita vikasimama. Nikasikia sauti ndogo ya kitu cha udongo kikiwekwa kwenye saruji. Kisha viatu vikaendelea, vyepesi zaidi.

Nilipofungua mlango, kilikuwa pale, kwenye ngazi ya sita, yule bibi kizee ameelekezwa ukutani. Sikukichukua. Kesho yake asubuhi hakikuwepo. Labda kuna jirani anakinywea chai hadi leo, na kwake ni picha tu.

Mlango sikuufunga kwa wiki mbili. Nililala na komeo wazi kama mwendawazimu. Kisha nikaufunga.

Alituma ujumbe kwanza kila siku, baadaye kila wiki. Nimekukumbuka. Nipe muda. Dada ndiye mwenye maneno, mama si mbaya. Hakuna hata mmoja uliosema: nimemwambia. Nilikuwa naupitia kila ujumbe nikiutafuta huo mmoja, kisha naufuta. Kazini nilipima macho ya watu, nikala kidogo, nikazoea. Uongo, sikuzoea. Nilijifunza tu kusimama.

Ilikuwa wiki ya saba, siku ya Jumanne, mama yake alipoingia dukani.

Alikuja akipapasa kaunta. Msichana wa mapokezi akamleta chumba cha vipimo, akamkalisha. Nilimtambua toka mlangoni, na nusura nimwambie msichana naumwa kichwa. Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Nikamwomba aweke kidevu kwenye mashine.

"Tazama taa ya kijani, mama. Usipepese."

Alishtuka. "Sauti hii naijua."

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Hakuondoa kidevu kwenye mashine. "Marahaba," alisema. "Nilimwambia mwanangu anipeleke kwa mtu anayeijua kazi yake. Akanileta hapa. Kumbe ndiyo maana amebaki nje."

Niliendelea kuzungusha kitasa cha mashine. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu mwepesi, la kushoto lingeweza kusaidiwa kwa lenzi. Nikamvalisha ile fremu nzito ya majaribio, nikaanza kumwekea lenzi moja baada ya nyingine.

"Hii na hii, ipi bora?"

"Ya pili." Kisha, bila kupumzika, "Nilijua ni yeye aliyekupa."

Lenzi ilibaki vidoleni mwangu.

"Mwanangu akidanganya, anabandua gundi," alisema. "Sioni vizuri, lakini nilisikia kucha zake. Tangu mdogo, alipokuwa akibandua ukoko wa vidonda. Nilijua siku ile ile, kabla sijainuka kitini kwako."

"Na mbona hukusema, mama?"

"Nilitaka aliseme mwenyewe. Nikampa nafasi, nikamuuliza mbele yako. Ameshindwa." Alirekebisha fremu puani. "Na jibu lake lilinifaa. Sitakuficha. Sikukutaka. Si kwa uchawi, mimi si mjinga. Mjane, mkubwa kwake, hana mtoto. Nikaona kikombe kimenirahisishia kazi."

Nilishika ukingo wa meza ya vipimo, kama nilivyoshika meza ya nyumbani. Nilikuwa na maneno ya kujaza makapu kumi. Yote yalikuja kwa pamoja yakakwama mlangoni mwa kinywa.

"Kwa hiyo mlinijua sina hatia," nikasema. "Wewe ulijua. Yeye alijua. Na wote wawili mkaniacha na neno lile."

"Ndiyo," alisema. Hakuomba radhi. Nadhani ningeweza kumchukia vizuri kama angeomba.

Niliweka lenzi ya mwisho. Sauti yangu ilikuwa ile ile ya kazini. "Inuka, mama. Nenda taratibu mpaka mlango wa mbele, utazame nje, mbali. Uniambie kama unaumwa kichwa."

Nilimshika kiwiko. Tulipita kaunta, tukasimama kwenye mlango wa kioo. Ng'ambo ya barabara, chini ya kivuli cha duka la vitambaa, Gundi alikuwa amesimama na mkoba mweusi wa mama yake kifuani. Shati lile la bluu ndilo nililomchagulia mimi. Lilikuwa linapwaya. Shingo ilitoka kwenye kola kama mti mkavu.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Nikasikia pumzi zake.

"Yule ni mwanangu?"

"Ndiye, mama."

"Mbona amekonda hivi?" Aliinua mkono akagusa kioo. "Nakaa naye nyumba moja, nampakulia chakula, ananiambia amekula. Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile, nadhani."

Wakati huo Gundi aliinua uso akatuona wawili, tumesimama bega kwa bega nyuma ya kioo. Akapiga hatua moja mbele, mpaka ukingo wa barabara. Hakukuwa na gari hata moja. Akasimama hapo.

"Mwendee basi," mama alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika. "Nenda, mwanangu. Mimi sitasema neno. Mwendee, anaogopa kukuita. Huoni anavyokutazama?"

Niliona. Niliona mkono wake ukienda kwenye kidole gumba kubandua gundi. Mama pembeni yangu aliona pia, maana alishusha pumzi na kufumba macho nyuma ya lenzi zangu.

"Mimi nimeshamwona, mama," nikasema.

Nikamgeuza taratibu, nikamrudisha kitini. Nikamvua ile fremu ya majaribio, naye akabaki akipepesa macho, anapapasa meza, kila kitu kimemrudia ukungu. Nikaandika vipimo vyake, jicho la kulia, jicho la kushoto, nikamwambia miwani itakuwa tayari Alhamisi, na kwamba aje na mtu mwingine wa kumshika mkono.